Panya Hali Mara Mbili

Vuli ilichelewa mwaka ule. Nilifika Sindeni, wilayani Handeni, kwa likizo ya Desemba nikamkuta mjomba bado anapanda mahindi. Alitia mbegu tatu kila shimo, akafukia kwa kisigino, akasogea hatua moja, akatia tatu nyingine. Asubuhi yake mstari mzima ulikuwa umefukuliwa, shimo baada ya shimo, bila kurukwa hata moja. Ungedhani aliyefukua alikuwa amejificha kichakani akihesabu hatua zetu.

Mwizi hakuwa mgeni. Panya shamba, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, ni mdogo kiasi cha kupotelea kwenye ufa wa ardhi, na jike lake huzaa watoto kumi hivi kwa mkupuo mmoja. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Morogoro na wenzao wa Ubelgiji walionyesha kwamba vuli ikinyesha sana panya hawa huanza kuzaa mapema, na mwaka unaofuata mashamba huona cha moto. Wakulima wa Handeni na Korogwe mwaka wa panya wanautambua bila kuletewa hesabu.

Mjomba alinunua dawa dukani. Ilikuwa zinki fosfaidi, unga wa kijivu kizito unaonuka kama kitunguu saumu. Akauchanganya na pumba na mafuta kidogo ya kupikia, akikoroga kwa kijiti, mkono kauvika mfuko wa nailoni, huku akinikemea nisisogee. Jioni tulipita pembezoni mwa shamba tukiweka kijiko kimoja kimoja kwenye vigae. Kesho yake tuliokota panya kumi na saba. Idadi naikumbuka kwa kuwa ni mimi niliyetumwa kuwafukia. Usiku wa pili tulipata wawili. Usiku wa tatu hatukupata kitu, na pumba zilikuwa vilevile tulivyoziacha. Nilichuchumaa mbele ya kigae kimoja. Kwenye vumbi lililolowa umande kulikuwa na nyayo ndogo zilizokuja moja kwa moja mpaka ukingoni, zikazunguka kigae, kisha zikarudi zilikotoka.

"Mjomba, kwani wamekwisha?"

"Hawajaisha. Wamejua, mjomba," akanijibu, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja. "Panya hali mara mbili."

Niliyachukua maneno yale kama maneno ya shamba tu. Baadaye sana, nikiwa mtu mzima na nimeanza kusoma habari za ubongo, ndipo nilipogundua kwamba jambo alilolisema mjomba akiwa ameinamia kigae limewahangaisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka 70, na kwamba katikati ya hangaiko hilo kuna kimeng'enya kimoja kilichosifiwa, kikatukanwa, kisha kikaombwa radhi.

Kwanza panya mwenyewe. Mwili wake una upungufu mmoja mkubwa: hawezi kutapika. Mbwa akila kitu kibaya atakirudisha, mtu naye atakirudisha. Panya kilichoingia kimeingia. Kwa hiyo chakula asichokijua hukionja kidogo sana, kisha hungoja. Tumbo likitulia, usiku wa pili atarudi kula zaidi. Tumbo likisokota, ladha ile na harufu ile zimekwisha andikwa katika daftari la maadui. Zinki fosfaidi ikikutana na tindikali ya tumboni hutoa gesi ya fosfini, na hiyo ndiyo inayoua. Aliyebugia hufa. Aliyedokoa kidogo huugua, hupona, na tangu siku hiyo hata umwekee pumba za kitunguu saumu mlangoni pake atazipita pembeni. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Waingereza walilichunguza jambo hili wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nafaka ilikuwa inaletwa kwa meli katikati ya manowari za Wajerumani, na kila gunia lililoliwa na panya ghalani lilikuwa hasara ya vita. Kazi ya kuwaelewa panya ikaangukia ofisi ndogo ya utafiti wa wanyama huko Oxford chini ya Charles Elton. Mmoja wa waliochunguza jinsi panya wanavyoisusa sumu alikuwa Mpoland Julian Rzóska, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1953. Afrika Mashariki na Sudan jina la Rzóska linahusishwa zaidi na viumbe wa Mto Nile, ambao aliwachunguza kwa miaka akiwa Khartoum. Panya aliowaandika walifanya kile kile walichofanya wa Sindeni: waliougua hawakurudi kwenye chakula kile.

Dawa ya kulikwepa tatizo ilipatikana Marekani bila mtu kukusudia. Ng'ombe waliokula majani yaliyooza walikuwa wakivuja damu mpaka kufa. Karl Paul Link wa Chuo Kikuu cha Wisconsin akaichuja kemikali iliyosababisha, na mwaka 1948 ndugu yake iliyotengenezwa maabara ikaingia madukani kwa jina la warfarin. Humchukua panya siku kadhaa kufa nayo. Maumivu yakimfika, chakula cha Jumatatu kimekwisha sahaulika, kwa hiyo hana cha kukilaumu. Kwa maneno mengine, sumu hii haikumzidi panya nguvu; ilikaa nje ya uwezo wake wa kuunganisha tukio na tukio.

Uwezo huo wenyewe ndio uliokuwa kitendawili. Panya aliyeonja zinki fosfaidi saa moja jioni huugua baada ya muda, si papo hapo. Wanasaikolojia wa enzi zile, wafuasi wa Pavlov, walikuwa na hakika kwamba mnyama haunganishi mambo mawili yakipishana zaidi ya sekunde chache: kengele ilie, chakula kije hapo hapo. Aliyewaharibia hesabu ni John Garcia, mtoto wa wahamiaji wa Kihispania waliokuwa vibarua wa mashambani California. Akiwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani huko San Francisco, alikuwa akichunguza athari za mionzi kwa panya, akaona kwamba wanapokuwa kwenye chumba cha mionzi wanapunguza kunywa maji. Chupa za chumba kile zilikuwa za plastiki, na maji yake yalikuwa na ladha yake. Mwaka 1955, yeye na wenzake wakatangaza katika jarida la Science kwamba panya akinyweshwa maji yaliyotiwa sakarini kisha akapigwa mionzi ya kumchafua roho, ataichukia sakarini. Baadaye Garcia akaonyesha kwamba ladha na ugonjwa vinaweza kupishana hata kwa saa nzima na zaidi. Mkubwa mmoja wa fani alisema jambo hilo haliwezekani, kama vile usivyoweza kukuta kinyesi cha ndege ndani ya saa ya ukutani yenye ndege wa mbao. Majarida yakamkatalia makala kwa miaka. Wakulima wa Sindeni wangemwamini siku ya kwanza.

Basi ladha moja, ugonjwa mara moja, na chuki ya miezi. Kwa mtafiti hiyo ni zawadi, kwa sababu kumbukumbu nyingi hujengwa polepole na kwa kurudiarudia, wakati hii huingia kwa mkupuo mmoja kama msumari. Swali likawa: imeingia wapi, na inashikiliwa na nini?

Mwaka 1963 Louis Flexner wa Pennsylvania, pamoja na mkewe Josefa na Eliot Stellar, walichukua panya wadogo wa maabara waliokwisha jifunza njia katika kibanda cha vichochoro, wakawadunga katika ubongo dawa ya pyuromaisini, ambayo huzuia seli kutengeneza protini mpya. Panya wale wakasahau njia. Mwaka uliofuata Bernard Agranoff wa Michigan akatoa matokeo ya jamii hiyo kwa samaki wa rangi ya dhahabu: ukiwatia dawa mara tu baada ya mafunzo wanasahau, ukichelewa hawasahau. Kumbe kumbukumbu ya muda mrefu hujengwa, na ujenzi unahitaji vifaa. Kumbukumbu ya dakika chache inaweza kuishi kwa vilivyopo. Ya miezi inadai matofali mapya.

Lakini nani anayetoa amri ya ujenzi? Hapa ndipo vimeng'enya vinapoingia.

Kimeng'enya ni protini inayofanya kazi bila yenyewe kumalizika. Tafuna tonge la ugali kwa muda mrefu bila kulimeza na utaanza kuonja utamu. Hicho ni kimeng'enya cha mate kikivunja wanga kuwa sukari. Vile vya kumbukumbu havimeng'enyi chakula. Ni jamii inayoitwa kinasi, na kazi yake ni kubandika kipande kidogo cha fosfeti kwenye protini nyingine. Kikibandikwa, protini ile hubadilika umbo na tabia: iliyolala huamka, mlango uliofungwa hufunguka. Jamii nyingine, fosfatesi, hupita ikibandua. Edmond Fischer na Edwin Krebs waligundua mchezo huu wa kubandika na kubandua wakichunguza misuli katika miaka ya 1950, wakaingoja Nobeli yao hadi 1992. Wakati ule hakuna aliyefikiri kwamba ubongo hutumia mbinu ile ile kuweka kisasi na mapenzi.

Eric Kandel ndiye aliyelisukuma wazo hilo. Alizaliwa Vienna mwaka 1929, akakimbia Wanazi akiwa mtoto, na New York akajitosa kumchunguza konokono mkubwa wa baharini aitwaye Aplysia. Wenzake walimcheka. Konokono, kumbukumbu? Lakini konokono huyu ana seli za neva 20,000 hivi tu, baadhi zikionekana kwa macho, na ukimchokoza mkiani hujifunza kujikunyata. Kandel na wenzake wakaonyesha kwamba mchokozo huamsha kinasi iitwayo PKA. Ukimchokoza mara moja, PKA hubadilisha mawasiliano ya seli kwa dakika chache. Ukimchokoza tena na tena, PKA huingia mpaka kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni, ujenzi ukaanza. Kandel alipata Nobeli mwaka 2000, pamoja na Arvid Carlsson na Paul Greengard.

Wakati huohuo California, katika maabara ya Seymour Benzer, walikuwa wakitafuta nzi wa matunda wapumbavu, na sisemi kwa dharau. Nzi maelfu walifunzwa kukwepa harufu fulani kwa kupigwa shoti ndogo ya umeme, na mwaka 1976 wakampata wa ukoo mmoja asiyefundishika. Wakampa jina la dunce, yaani mbumbumbu. Ilikuja kugundulika kwamba kasoro yake imo katika kimeng'enya kinachovunja kemikali inayoiamsha PKA. Ukoo mwingine wa nzi wasiofundishika ulikosa kimeng'enya kinachoitengeneza kemikali hiyo hiyo. Ikizidi hujifunzi, ikipungua hujifunzi. Mtu wa kwanza katika orodha ya waandishi wa makala ya dunce alikuwa kijana wa Israeli, Yadin Dudai. Mshike mkononi, tutamrudia.

Nyuki nao wamo. Randolf Menzel wa Berlin na wanafunzi wake walimfunga nyuki kwenye kijineli, kichwa kikiwa nje, wakampulizia harufu na kumgusisha maji ya sukari. Akifundishwa mara moja, harufu ile humtoka baada ya siku moja au mbili. Akifundishwa mara tatu, huibeba kwa siku nyingi, na nyuki mfanyakazi hana maisha marefu. Uli Müller wa kundi hilo alionyesha mwaka 2000 kwamba tofauti kati ya mara moja na mara tatu iko katika muda ambao PKA inabaki imeamka. Nyuki wa Ulaya na nyuki wetu wa porini Handeni ni wa spishi moja, ingawa wetu wana hasira zao. Mrina asali wa Kizigua anayejua kwamba nyuki hurudi kwenye mti uleule uliochanua jana, na kwa saa ileile, anazungumzia kimeng'enya bila kukitaja jina.

Sasa tufike kwenye tatizo lenyewe. Mwaka 1984 Francis Crick, mmoja wa waliofumbua umbo la DNA, aliandika makala fupi katika Nature akiuliza jambo ambalo mtoto angeweza kuuliza. Protini za ubongo hazidumu. Huchakaa na kubadilishwa, nyingi kwa siku au wiki. Vipi basi mzee akumbuke harusi ya miaka 50 iliyopita, ikiwa kila kipande kilichokuwapo siku ile kimekwisha tupwa? Fikiria nyumba ya fito na udongo. Kila baada ya masika ukuta hukandikwa upya, fito hubadilishwa, nyasi za paa hubadilishwa, na nyumba inaendelea kuitwa ya babu. Lakini nyumba ina mwenyewe anayekumbuka ukuta ulipita wapi. Ndani ya seli mwenyewe ni nani?

Jibu lililoteka akili za wengi lilitoka Brooklyn. Todd Sacktor alikuwa akifuatilia kinasi nyingine, PKC, iliyogunduliwa Kobe, Japani, katika maabara ya Yasutomi Nishizuka mwaka 1977. PKC ina sehemu mbili: moja inayofanya kazi na moja inayoizuia. Ni mbwa aliyefungwa mnyororo. Mpaka aje mtu wa kumfungua, hang'ati. Katika ubongo Sacktor akakuta aina yake isiyo na mnyororo kabisa, ambayo seli huitengeneza ikiwa tayari imekatwa ile sehemu ya kuzuia. Inaitwa PKMzeta. Herufi M ni urithi kutoka Kobe, inatokana na magnesiamu, ingawa wasomaji wengi huapa kwamba ni ya kumbukumbu. Ikishatengenezwa, haizimiki. Inafanya kazi mchana na usiku, ikihakikisha milango ya kupokelea ujumbe haiondolewi pale ambapo seli mbili za neva zinakutana, mahali paitwapo sinapsi.

Kama dhana ilikuwa sahihi, ukiizuia PKMzeta hata kwa muda mfupi, kumbukumbu iliyokwisha jengeka ifutike. Hili ni jambo tofauti kabisa na lile la Flexner na Agranoff, ambapo ujenzi ulizuiwa ukiwa mbichi. Hapa nyumba imekwisha hamiwa.

Mwaka 2006, Eva Pastalkova, Sacktor na mzaliwa wa Guyana André Fenton walimweka panya kwenye meza inayozunguka polepole. Sehemu moja ya chumba ilikuwa na shoti ndogo ya miguuni. Panya ilimbidi akumbuke pasipo salama na atembee kinyume na mzunguko ili asibebwe kuingia humo. Baada ya mwezi mzima bado alikumbuka. Wakamdunga dawa iitwayo ZIP, iliyodhaniwa kuizuia PKMzeta, katika sehemu ya ubongo inayoshika ramani. Baada ya saa chache panya alisimama kwenye meza akabebwa mpaka kwenye shoti, kama siku ya kwanza. Wiki iliyofuata kumbukumbu ilikuwa haijarudi.

Kisha akaja Dudai, mkono wetu bado umemshika. Sasa alikuwa profesa wa Taasisi ya Weizmann huko Rehovot, na pamoja na Reut Shema na Sacktor alichagua kumbukumbu ile ile ya mjomba: panya waliopewa maji ya sakarini kisha wakadungwa dawa ya kuwachafua tumbo, wakaichukia sakarini. Wiki kadhaa zikapita. ZIP ikatiwa kwenye gamba la ubongo linalohusika na ladha. Mwaka 2007 wakatangaza kwamba panya wale walirudi kuinywa sakarini kana kwamba haijawahi kuwadhuru. Mwaka 2011 wakaenda kinyume chake: walipoiongeza PKMzeta, kumbukumbu ya ladha iliimarika.

Niliposoma habari hiyo nilikumbuka kigae. Kumbe kati ya panya na pumba za mjomba palikuwa na mashine ndogo isiyoonekana, ikijitengeneza upya kila siku, ikisema: hapana. Na palikuwa na watu waliojua kuinyamazisha. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalilipuka, yakizungumzia dawa ya kufuta huzuni ya askari na ya waliobakwa. Sikuyapenda makelele yale, nakiri. Dawa inayofuta haichagui: panya wa Brooklyn hakupoteza shoti tu, alipoteza ramani.

Anguko lilikuja Januari 2013. Makala mbili katika Nature, moja ya kundi la Richard Huganir wa Johns Hopkins na nyingine ya kundi la Robert Messing huko California, zilieleza kuhusu panya waliozaliwa bila jeni ya PKMzeta. Walijifunza vizuri. Walikumbuka vizuri. Na ZIP iliwafutia kumbukumbu hata hivyo, ingawa kile kilichosemekana kinafutwa hakikuwamo. Ni kama kumfukuza mlinzi halafu ukakuta geti bado linalindwa, na aliyekuuzia dawa ya kumlaza mlinzi anamlaza mtu mwingine kabisa. Sifa ya Sacktor ilitikisika. Wengine walikuwa wamekwisha hamia kwa kinasi nyingine, CaMKII, ambayo Alcino Silva na wenzake walionyesha mwaka 1992 kwamba panya aliyeikosa hupata shida kukumbuka mahali.

Sacktor hakunyamaza. Mwaka 2016, yeye na Panayiotis Tsokas wakatoa maelezo ambayo mtu yeyote aliyekulia kwenye ukoo mkubwa atayaelewa. Panya aliyezaliwa bila PKMzeta huwa na kimeng'enya ndugu, wa jamii hiyo hiyo ya PKC, kinachochukua nafasi tangu utotoni. Mtoto akifiwa na baba mapema, baba mdogo humlea; usidhani kwamba baba hana kazi kwa sababu mtoto alikua. Wakatumia njia ya kuizuia PKMzeta peke yake isitengenezwe. Panya wa kawaida walisahau. Panya waliozaliwa bila hiyo jeni hawakudhurika, kwa kuwa wao wanalelewa na baba mdogo.

Kisha, Juni 2024, kundi hilohilo likaligusa swali la Crick moja kwa moja. Walionyesha kwamba PKMzeta hushikwa mahali pake na protini nyingine, KIBRA, ambayo hukaa kama alama kwenye sinapsi zilizotumika. Molekuli za PKMzeta zikichakaa, mpya hufika na kushikwa na KIBRA palepale. KIBRA ikichakaa, PKMzeta iliyopo huisaidia mpya kushika nafasi. Hakuna mmoja anayedumu. Kinachodumu ni kukutana kwao. Walipotumia dawa ya kuwatenganisha, kumbukumbu za zamani zilifutika, na kwa panya wasio na PKMzeta dawa hiyo haikufanya kitu. Bado wapo wasiokubali yote. Mimi naona ni jibu zuri zaidi lililotolewa hadi sasa kuhusu nyumba ya fito.

Wakati wanasayansi wanagombana, Morogoro kulikuwa na watu wanaoitumia kumbukumbu ya panya bila kuingoja hukumu. Mbelgiji Bart Weetjens alianzisha APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa mabomu ya ardhini, mwaka 1997, na mwaka 2000 kazi ikahamia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako utaalamu wa panya ulikuwa umekomaa kutokana na panya shamba na tauni iliyoisumbua Lushoto, huko juu ya Korogwe, tangu 1980. Badala ya panya shamba walichagua panya buku, mkubwa, mtulivu, anayeishi hata miaka minane. Anafundishwa kwa mlio mdogo wa kibonyezo na kipande cha ndizi: ukinusa TNT, baruti ya mabomu, mlio, ndizi. Hakuna ugonjwa hapa, hakuna msumari wa mara moja. Ni miezi tisa hivi ya kurudiarudia, kama nyuki wa Berlin waliofundishwa mara tatu, ila kwa mamia.

Panya buku mmoja, Magawa, aliyezaliwa Sokoine, alipelekwa Kambodia mwaka 2016. Eneo lenye ukubwa wa uwanja wa tenisi alilimaliza kwa dakika 30 hivi, wakati mtu mwenye mashine ya kutambua chuma huchukua siku kadhaa, kwa sababu mashine hulia kwa kila msumari wakati Magawa alijali baruti tu. Septemba 2020 alipewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu 2021 akiwa amegundua mabomu 71 ya ardhini na vilipuzi vingine 38, akafa Januari 2022. Mrithi wake Ronin, naye wa Morogoro, alimpita mwaka 2025 kwa mabomu 109.

Kuna jambo moja ambalo sijalitaja. Mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux wa New York walimfundisha panya kuogopa mlio, kisha wakamkumbusha kwa kuupiga tena, na hapo hapo wakamtia dawa ya kuzuia protini. Akasahau. Asipokumbushwa, dawa haifanyi kitu. Yaani kila unapolitoa jambo la zamani ili ulitazame, linalainika, na lazima lijengwe upya kabla ya kurudishwa, vimeng'enya vikiingia tena kazini.

Mjomba sasa ni mzee, lakini bado analima. Siku hizi bwana shamba amemfundisha kuweka pumba tupu kwa siku tatu, panya wazizoee, ndipo siku ya nne atie dawa mara moja tu. Mwaka jana nilimtembelea, tukakaa barazani, nikamkumbusha ile Desemba na panya wangu kumi na saba.

"Kumi na saba?" akasema. "Mjomba, walikuwa zaidi ya thelathini. Na hukuwafukia vizuri, mbwa wa jirani wakawafukua, nikaenda kuwafukia upya mwenyewe usiku na kurunzi."

Sikumbuki mbwa wowote. Nilimwambia hivyo. Alicheka, akachukua jembe.